Maji taka yanarudi ndani? Tulia kwanza, usimwite mtu wa sururu

Kuna nyumba moja Mbezi niliitwa Jumapili mchana, nafika nakuta vijana wawili wameshafumua pevingi kama mita kumi na nne, kutoka ukuta wa choo mpaka karibu na geti, mchanga umemwagwa juu ya maua, mama mwenye nyumba kakaa kibarazani na khanga kichwani hataki hata kusalimiwa. Bomba lote liko nje na liko zima, halina hata ufa. Nikaomba wanifungulie mfuniko wa karo, yaani lile tangi la maji taka la chini ya ardhi, limejaa mpaka shingoni. Yaani kilichotakiwa pale ni gari la kuvuta, trip moja basi, na sio sururu. Hela ya kurudishia zile pevingi ilizidi ya gari mara kadhaa.

Sasa mimi ni fundi bomba, kazi hii nimeifanya Dar miaka mingi, na katikati hapo miaka minne nilikuwa Birmingham, Uingereza, kwenye timu ya watu wanaotengeneza mabomba ya maji taka bila kuchimba. Kule niliona mambo, nitayasema huko mbele. Ila kitu nilichorudi nacho kikubwa sio mashine, ni tabia tu: kule hakuna anayegusa udongo kabla ya kujua bomba linaumwa wapi na linaumwa nini. Huku tunaanza na sururu afu ndo tunatafuta ugonjwa.

Fungua chemba kwanza, hicho kipimo ni bure

Nyumba nyingi za huku hazijaungwa kwenye mtandao wa jiji. Ukiwa Kariakoo, Upanga au Posta kuna bomba kuu la mtaa, lakini sisi wengine njia yetu ni ileile, maji yanatoka chooni na bafuni yanaingia bomba la inchi 4 (dukani wanaliita 110, ni milimita hizo), yanapita chemba (vile vishimo vyenye mfuniko vya kukagulia bomba) moja, mbili, tatu kutegemea na kona, yanaingia karo, na kutoka karo yanaenda shimo la kunyonyea. Basi. Tatizo lako liko sehemu moja ya hiyo njia, na chemba ndo zinakuambia ni ipi.

Choo kikikataa kushuka, nenda kafungue chemba iliyo karibu nacho. Kama ni kavu, kizuizi kiko kati ya choo na hiyo chemba, umeshamaliza uchunguzi. Kama imejaa, funika, fungua inayofuata. Ukikuta ya kwanza imejaa na ya pili kavu, ugonjwa uko katikati ya hizo mbili, hapohapo, usiende kwingine. Ukikuta zote zimejaa mpaka ya mwisho, acha bomba, nenda kwenye karo.

Mifuniko mingine imezikwa chini ya pevingi, na hili ni kosa la aliyejenga lakini mateso ni yako. Gonga na kitako cha nyundo ukisikiliza, penye uwazi sauti inakuwa nzito kama debe, au angalia mahali bomba linapopinda, chemba huwa kwenye kona.

Halafu naomba hili niliseme mapema kabla sijasahau. Karo usiingie. Hata kama limevutwa likabaki tupu, hata kama simu imedondokea humo. Mle ndani kuna gesi, moja ina harufu ya yai viza lakini ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena, na hewa ya kuvuta hakuna. Watu wanakufa kwenye makaro, tena wanakufa wawili watatu kwa mpigo, wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumuokoa. Na usiwashe kiberiti kuchungulia.

Kinachogoma ni kimoja tu, vingine vyote vinaenda

Sinki la jikoni linajaa lakini choo kinaflashi vizuri, au bafu la masta linasimamisha maji na la wageni halina shida. Hapo bomba kubwa la nje halihusiki kabisa, atakayekuambia tuchimbe mkimbie. Sinki ni mafuta, hakuna siri, mafuta ya kukaangia na ya supu yanapita ya moto yanaganda njiani, yanashika punje za wali na majani ya chai. Fungua ile kona ya chini ya sinki, weka ndoo, safisha kwa mkono. Bafu ni nywele na vipande vya sabuni. Choo kimoja peke yake mara nyingi kuna kitu kimeingia, mimi nimetoa mswaki, nimetoa kopo la mafuta ya mtoto, nimetoa rimoti ya tivii na mwenye nyumba akaniuliza kama itafanya kazi.

Kuhusu dawa za kuzibua, asidi na zile chembechembe za kostiki. Sizipendi. Zinachemka ndani ya bomba, PVC inalainika, na kama hazikuzibua basi umenitengenezea mimi fundi bwawa la asidi ambalo nitaingiza mkono. Na usije ukamwaga asidi afu ukaona haifanyi kazi ukaongeza jiki, hiyo inatoa gesi ya klorini na choo cha nyumbani hakina dirisha kubwa la kukimbilia. Ukishamwaga chochote mwambie fundi, usione aibu.

Ukiflashi choo, tundu la bafuni linabubujika

Hii dalili ndo inayokosewa zaidi kuliko zote, kwa sababu ina sababu mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza, bomba la pamoja linaanza kuziba. Maji ya choo yanashuka, yanagota, yanatafuta pa kutokea, na sehemu ya chini kuliko zote ndani ya nyumba ni tundu la bafuni. Kwa hiyo utaona maji meusi yanapanda pale, na yakipanda usibishane, kizuizi kiko mbele ya mahali choo na bafu vinapokutana. Zima bomba, mwambie kila mtu aache kuoga na mashine ya kufulia izimwe, maana kila ndoo inayomwagwa inarudi.

Ya pili ni hewa. Maji hayapandi, yanabubujika tu, glu glu glu, afu baadaye harufu. Hapa bomba halijaziba, limekosa pumzi. Lile bomba linalopanda juu ya paa sio urembo, linaingiza hewa maji yanaposhuka, likikosekana au ndege wakijenga kiota juu yake, maji ya choo yakishuka yananyonya maji yaliyokaa kwenye mitego ya sinki na bafu, zile kona za chini zinazobaki na maji kuzuia harufu. Ule mtego unashika maji kama sentimita 5 tu, yakinyonywa hakuna kitu kati ya pua yako na karo. Nimekuta nyumba ya ghorofa imejengwa kwa hela nyingi, marumaru kila mahali, na bomba la hewa limekatwa na kuzibwa na fundi wa dari kwa sababu lilikuwa linamharibia jipsamu. Hapo tiba iko juu ya paa, we unachimba uwanja wa nini?

Kuzitofautisha ni rahisi, mwaga ndoo ya lita 20 chooni kwa mkupuo huku mtu anaangalia bafuni. Maji yakipanda ni kizuizi. Yakivutwa chini ni hewa.

Chemba zote zimejaa

Karo limejaa, au karo halijajaa uchafu ila shimo la kunyonyea limechoka. Ita gari livute, afu usiondoke, kaa hapohapo uangalie. Karo likishavutwa na bomba la kutokea kwenda shimoni likaanza kurudisha maji kwenye karo, yaani maji yanarudi nyuma, shimo limekwisha, udongo wa pembeni umeshikwa na ute mweusi haunyonyi tena. Kuvuta karo kila wiki tatu hakutibu hilo, ni kama kumlisha mgonjwa panadol.

Na kama ni miezi ya masika tu, kati ya Machi na Mei, na ukame ukija nyumba inapona yenyewe, basi maji ya ardhini yamepanda. Mikocheni, Msasani na sehemu za mabondeni wanalijua hili. Shimo haliwezi kumwaga maji kwenye udongo ambao wenyewe umeshalowa. Hapa angalia pia kitu kimoja cha kijinga, maji ya paa. Watu wengi wameunganisha mabomba ya mvua kwenye chemba za choo kwa sababu zilikuwa karibu. Mvua ya saa moja inajaza karo ambalo familia ingelijaza kwa wiki kadhaa. Yatenganishe hayo kabla hujatumia hata shilingi kwenye bomba.

Linazibuka, linaziba tena, palepale

Haya sasa tumefika penyewe. Fundi anakuja, anasukuma rodi (zile fimbo ndefu zinazounganishwa kwa kuzungushwa), maji yanaenda, unamlipa, mwezi mmoja na nusu unampigia tena. Bomba la nje linaloziba mara kwa mara sehemu ileile halina uchafu tu, lina kasoro ya mwili. Na kasoro ninazozijua mimi ni nne.

Mizizi. Haitoboi bomba zima, watu wanaionea, inafuata unyevu unaovuja kwenye maungio. Ukiwa na bomba la zamani la udongo lililounganishwa kwa simenti, au PVC iliyochomekwa bila gundi (na wapo wengi wanaofanya hivyo, wanasema udongo utashika), unywele mmoja wa mzizi unaingia, unakuta mbolea na maji, unanenepa humo ndani kama mkia wa farasi. Mkuyu, mwembe, mwarobaini, hata yale maua ya ukutani. Utajua kwa rodi ikitoka na nyuzi za kahawia.

Tumbo. Bomba limebonyea katikati, udongo haukushindiliwa au gari limepita juu. Maji yanalala pale, uchafu mzito unakaa chini, karatasi zinajikusanya.

Ufa au kuvunjika. Hapa utaona na dalili za juu, pevingi imezama sehemu moja, majani ya pale kijani kuliko kwingine hata kiangazi, mende na panya wanatokea mahali usipoelewa, na mchanga unajaa kwenye chemba ya mbele. Huo mchanga uangalie sana, kama unaosha chemba na baada ya wiki mchanga umerudi, bomba limefunguka mahali na udongo unaingia, na siku moja pevingi itaingia nayo.

Mteremko wa kinyume au mdogo mno. Bomba la inchi 4 liwe na mteremko kama sentimita 2 mpaka 2 na nusu kwa kila mita, kwa hiyo chemba mbili zenye umbali wa mita 12 zitofautiane kama sentimita 24 mpaka 30 hivi. Wengi wanalaza kwa macho.

Vipimo vya mtu asiye na kamera

Kamera ni nzuri, nitaisema, ila usiseme huna hela ya kamera ukaacha kupima. Chukua tochi kali na kioo cha kunyolea. Osha bomba kwanza, mwaga ndoo kadhaa, subiri maji yaishe. Mtu mmoja aingize tochi kwenye bomba upande wa chemba ya juu, we weka kioo kwenye tundu la chemba ya chini uangalie. Ukiona duara zima la mwanga, bomba limenyooka. Ukiona nusu mwezi, lina tumbo, maji yamekaa chini yanakata mwanga. Usipoona kitu kabisa, limepinda au limezibwa. Wazee walikuwa wanafanya hivi kabla hata ya kamera, na mpaka leo mimi naanza nacho.

Kuvuja nako kunapimika. Ziba bomba upande wa chini, kuna puto maalum za kuzibia, lakini mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye nailoni unasaidia, ufunge na kamba ili usiende zake kwenye karo. Jaza maji mpaka yaonekane chemba ya juu, weka alama ya chaki, subiri nusu saa. Yakishuka sana, bomba linavuja. Likiwa halivuji na linaziba, rudi kwenye mteremko.

Mteremko pima kwa mpira wa maji, ule wa kuonyesha ndani, wajenzi wote wanao.

Kamera sasa. Kamera ya bomba ni waya mgumu wenye kichwa chenye taa, na kwenye zile nzuri kuna kitu kidogo kinatoa mawimbi, mara nyingi ya 512 hezi, juu unatembea na kipokezi kama mtu anatafuta dhahabu, mpaka kinalia, unaweka msumari. Hapo umejua ugonjwa uko mita ya ngapi na kina gani. Kama fundi ana kamera mwambie aanze kurekodi kwenye chemba, aseme mita, na akupe video. Akikataa kukupa video, na kamera usimlipe. Bomba liwe limeoshwa kwanza, kamera ikipita kwenye kinyesi haioni kitu, na kichwa kikizama majini katikati ya bomba kikaibuka mbele, ulishalipata tumbo lako.

Kuzibua kwanza

Rodi zizungushwe kulia tu, kama mshale wa saa, siku zote. Nimeona mafundi wazima wanazungusha kushoto zinafunguka ndani ya bomba, sasa tatizo moja limekuwa mawili na hapo kweli utachimba. Sukuma ukitokea chemba kavu, ya chini, ukielekea kwenye kizuizi, na ukae pembeni, maana kizuizi kikiachia yale maji ya nyumba nzima yanakuja na salamu zote.

Mashine ya presha yenye mpira mrefu na kichwa chenye matundu yanayotazama nyuma ni bora kuliko rodi kwa mafuta na mchanga, ule mpira unajivuta wenyewe mbele na unaporudi unaburuta uchafu. Bomba la udongo lililozeeka punguza presha, usije ukamalizia lililokuwa limebaki. Mizizi nayo inakatwa na kichwa cha minyororo au visu, lakini kukata mizizi ni kunyoa ndevu, itaota tena, kinachotibu ni kuziba pale inapoingilia.

Kutengeneza bila kufukua

Njia zenye akili ni tatu, na kule Birmingham tulifanya zote.

Pachi ya ndani. Ufa uko sehemu moja, mita zote nyingine ziko salama. Unachukua kitambaa cha nyuzi za kioo, kama nusu mita mpaka mita moja, unakilowesha gundi ya resini, unakizungushia kwenye puto la mpira, unaliingiza kwa rodi mpaka kwenye alama, unalijaza upepo, linabana kitambaa kwenye ukuta wa bomba, unasubiri saa moja mpaka mbili, unatoa upepo, puto linatoka, pachi inabaki. Ni kama kuziba pancha ila kwa ndani. Nyumba nyingi zingepona na hii tu.

Soksi. Hivo ndo tulivokuwa tunaiita sisi Waswahili wawili tuliokuwa kwenye ile timu. Ni mfuko mrefu wa kitambaa cha felti uliolowekwa resini, unaingizwa kwenye bomba kwa presha ya hewa au maji ukijigeuza ndani nje kama soksi kweli, upande wenye gundi unalala kwenye bomba la zamani, halafu unaukausha kwa maji ya moto, mvuke, au taa ya mionzi ya urujuanimno (UV). Ukikauka una bomba jipya ndani ya la zamani, halina maungio, mzizi hauna pa kuingilia. Kwa bomba la inchi 4 unene wake ni milimita 3 mpaka 4 na kitu, kwa hiyo tundu linapungua kidogo sana na kwa sababu ndani ni laini maji yanakimbia vizuri tu. Aliyeanzisha ni Mwingereza anaitwa Eric Wood, London, mwaka 1971, sio teknolojia ya juzi.

Ina masharti lakini. Bomba lioshwe mpaka ling'ae, mzizi ukibaki soksi inavimba pale milele. Upime kipenyo na urefu vizuri kabisa. Penye tii, bomba la bafu linapoingia, soksi itapaziba, inabidi pakatwe tena kwa kikata cha roboti, na timu isiyo na kikata isikuvishe bomba lenye tii. Resini zingine za polista zina stairini, inanuka kama duka la gundi, jaza maji mitego yote ya nyumba kabla kazi haijaanza na ufungue madirisha. Na kwa joto letu la nyuzi 32 resini inaganda haraka kuliko Birmingham, unaipoza kwenye barafu na unafanya kazi asubuhi, la sivyo soksi inakaukia nusu ya njia, na hakuna kitu kibaya duniani kama soksi iliyokaukia nusu ya njia.

Ya tatu, kupasua. Bomba la zamani limekwisha kabisa, limekaa yai au limebomoka vipande. Unachimba shimo mbili, moja mwanzo moja mwisho, unapitisha waya wa chuma, unavuta kichwa kama koni ambacho kinapasua bomba la zamani na kusukuma vipande pembeni, nyuma yake kinaburuta bomba jipya la plastiki nyeusi lililounganishwa kwa moto. Unaweza hata kuweka kubwa kuliko la mwanzo. Hatari yake ni majirani wa chini ya ardhi, bomba la maji safi au waya wa umeme ukiwa karibu unasukumwa nao. Huku kwetu ambako hakuna ramani, mimi ningeogopa.

Pale ambapo soksi sio dawa

Sasa sikiliza vizuri hapa mana ndo watu wanapoliwa hela. Soksi inafuata umbo la bomba la zamani. Bomba lenye tumbo ukilivisha soksi unapata tumbo jipya, zuri, laini, lenye maji yaleyale yamelala. Mteremko wa kinyume unabaki wa kinyume. Kupasua nako kunafuata njia ileile, hakunyanyui bomba. Na lililobomoka kabisa hata puto halipiti. Kwa hiyo mtu akiona nusu mwezi kwenye kioo afu akakuuzia soksi, ama hajui ama anajua sana. Tumbo linatibiwa kwa kuchimba, lakini unachimba pale tu penye tumbo, mita mbili tatu.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa kule hawatalipenda. Pevingi sio adui. Kama hazikumwagiwa simenti juu zinanyanyuka moja moja kwa bisibisi bapa, piga picha kabla, ziandike namba kwa chaki, zipange pembeni, chimba shimo la mita moja palepale kwenye msumari wa kamera, badilisha kipande, rudisha udongo kwa matabaka ukishindilia kila tabaka, rudisha mchanga, rudisha pevingi. Siku moja. Kwa ufa mmoja uliopo nusu mita chini ya pevingi, kuagiza soksi ni kununua ng'ombe kwa ajili ya glasi ya maziwa. Soksi na pachi zinalipa pale bomba linapopita chini ya vigae vya sebuleni, chini ya zege la gereji, chini ya ukuta wa jirani, au kina ni mita mbili na zaidi. Huko ndo bila kufukua kuna maana yake.

Na kuna njia nyingine wala haina jina, kuliacha bomba bovu hukohuko lilipo na kulaza jipya kwenye njia tofauti, kwenye bustani ya pembeni ya ukuta ambako hakuna kitu cha kuvunja. Kama mteremko unaruhusu, mara nyingi hii inashinda zote.

Kwa ndugu walioko nje. Uingereza nyumba za kati ya miaka ya 1950 na 1970 angalia kama una bomba la nyuzi zilizolowekwa lami, linabonyea linakuwa yai na kutoa malengelenge ndani, Marekani la aina hiyo wanaliita Orangeburg. Hilo kabla ya soksi lazima lirudishwe duara, na likishindikana ni kupasua. Na kabla hujalipa chochote uliza bomba ni la nani. England na Wales tangu tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja, na kipande kilicho nje ya mpaka wa kiwanja chako, yalihamia kwa kampuni za maji. Nimeshaona Mswahili mwenzetu Coventry kajilipia mwenyewe kutengeneza bomba lililokuwa nje ya uzio wake. Marekani ni tofauti, miji mingi bomba ni lako mpaka linapogusa la mtaa, hata kama liko chini ya barabara.

Ukishatengeneza, rudia kile kipimo cha chaki na cha tochi mbele ya fundi kabla hajaondoka na hela. Na chora. Karatasi moja, nyumba, chemba zote na umbali wa kila moja kutoka kwenye kona ya ukuta, kina, tarehe. Yule mama wa Mbezi anayo, kaibandika nyuma ya mlango wa stoo, na mfuniko wa karo kauinua mpaka usawa wa ardhi ili usizikwe tena. Zile pevingi tu ndo zilirudishwa bila kushindiliwa, mpaka leo ukiingia na gari pale unapanda na kushuka kama uko kwenye ngalawa.